SOMO LA UFUNDI: KUZIBA MAUNGIO YA BODI ZA JIPSAMU ILI YASIPASUKE



Vijana wengi wamekuja kwenye meza yetu ya wahudumu wa jamii kuuliza juu ya kazi za ujenzi Kampala, hasa upande wa Mulago, Kamwokya na Wandegeya, ambako nyumba za kupanga na hosteli za wanafunzi hujengwa na kukarabatiwa kila wakati. Wengi wao wanajua kufyatua tofali na kusimamisha ukuta. Lakini wakifika mjini wanakuta kwamba kazi ya ukuta ina watu tele, na kinachotafutwa ni watu wa finishi: dari na kuta za ndani za bodi za jipsamu. Kijana anapewa kisu na ndoo ya fila, anaambiwa azibe maungio. Kazi inaonekana nyepesi. Rangi inapakwa, dari inang'aa, na baada ya wiki mbili au tatu mstari mwembamba unajitokeza kutoka ukuta hadi ukuta, sawasawa pale bodi mbili zilipokutana. Hapo ndipo fundi mkuu, yule ambaye sisi Wakongo tumezoea kumwita kapita, anapokataa kutoa pesa zilizobaki.

Mimi nimefanya kazi hiyo Mulago kwa miezi kadhaa kama saidia fundi, wao husema poota, kabla ya kurudi huku. Nimewaona watu wazima wenye familia wakirudishwa nyumbani bila nauli kwa sababu ya ufa usiozidi unene wa uzi. Kwa hiyo somo la leo ni juu ya ufa huo: unatoka wapi, na unazuiwaje.

JIPSAMU NI PLASTA ILE ILE YA HOSPITALI

Wengi wetu Mulago tunaijua kwa ajili ya hospitali. Ilianzishwa mwaka 1913, na lile jengo kubwa la ghorofa linaloitwa New Mulago ni la mwaka 1962. Ukipita kwenye wodi za mifupa utawaona majeruhi wa bodaboda wakiwa na miguu iliyofungwa plasta nyeupe. Plasta ile na bodi ya dari ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili ni jasi, jiwe laini linalochimbwa ardhini. Kwa jirani zetu Tanzania huchimbwa Makanya, wilaya ya Same, na sehemu nyingine. Jiwe hilo lina maji ndani yake ingawa ukilishika ni kavu. Likisagwa na kuchomwa kwa joto la kadiri ya digrii 150, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka na unabaki unga mweupe. Ukiurudishia unga huo maji, unageuka jiwe tena ndani ya dakika chache, na wakati wa kugeuka unapata joto. Mtu aliyewahi kufungwa plasta atakumbuka lile joto kwenye mguu.

Bodi ni unga huo uliogandishwa katikati ya karatasi mbili nzito. Mmarekani Augustine Sackett alipata hati ya uvumbuzi wa bodi ya namna hiyo mwaka 1894. Bodi nyingi utakazozikuta Kampala zina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4.

Sasa angalia sana jambo hili, maana ndilo somo lenyewe. Daktari wa mifupa hapaki plasta tupu juu ya mguu. Angefanya hivyo, ingepasuka mgonjwa anapogeuka kitandani. Yeye huchukua bandeji ya kitambaa chenye plasta, akaizungusha. Mbinu hiyo ni ya daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ya mwaka 1851. Kitambaa hushika mvutano, plasta hushika umbo. Maungio ya bodi ni hivyo hivyo. Fila peke yake ni ngumu lakini haivutiki hata kidogo. Bodi zikisogea unene wa unywele, inakatika. Tepu ndiyo bandeji. Fundi anayeziba maungio kwa fila nene bila tepu, au anayebandika tepu juu ya vumbi, amefunga mguu kwa plasta isiyo na kitambaa.

Na bodi husogea, msidanganyike. Paa la mabati hupata moto mchana na kupoa usiku. Mbao za kalitunsi zilizokatwa juzi huendelea kukauka na kujipinda zikiwa tayari juu ya dari. Hakuna fila ya duka lolote itakayoshinda mbao mbichi. Ukiitwa kuziba maungio, kwanza gusa mbao. Kama bado ni nzito na baridi kwa unyevu, mwambie mwenye kazi kabla hujaanza, mbele ya shahidi.

KABLA YA KUCHANGANYA

Kagua bodi zilivyofungwa, kwa sababu makosa ya aliyefunga yatahesabiwa kwako. Bodi zipishane kama tofali, maungio manne yasikutane mahali pamoja. Maungio yasianguke kwenye kona ya mlango au dirisha; hapo ndipo nyumba inapovutika zaidi, na ufa wa kona ya mlango ni mgumu kuuponya. Skrubu ziwe zimezama kidogo tu chini ya uso wa karatasi bila kuichana. Pitisha kisu juu ya kila skrubu: ukisikia mlio wa chuma kwa chuma, kaza tena. Skrubu iliyochana karatasi haishiki kitu, weka nyingine pembeni yake. Bodi inayocheza ukiisukuma kwa kiganja isizibwe kabisa mpaka ifungwe.

Futa vumbi. Hili hupuuzwa kuliko yote.

Kisha tazama fila uliyoletewa ni ya namna gani, maana ziko mbili na hazifanyi kazi sawa. Ya kwanza ni unga wa jasi kwenye mfuko. Hii hugeuka jiwe yenyewe, iwe mvua iwe jua, kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, na haipungui sana ikikauka. Ya pili huja ndani ya ndoo ikiwa tayari ni laini kama uji mzito. Ndani yake mna unga wa chokaa na gundi. Hii haigeuki jiwe. Inangoja maji yake yaondoke hewani, kwa hiyo hunywea na kuacha bonde, na inahitaji muda mrefu. Ni laini sana kwa msasa, ndiyo maana mafundi huipenda kwa mkono wa mwisho. Mimi huona afadhali mikono ya kwanza iwe ya unga wa mfuko na ya mwisho iwe ya ndoo. Lakini mara nyingi hutachagua wewe, utatumia ulicholetewa.

Tepu nazo ni mbili. Ya karatasi ina nguvu zaidi na hukunjika vizuri kwenye pembe za ndani, ila lazima ilazwe juu ya fila mbichi. Ya wavu hujibandika yenyewe na ni rahisi kwa anayejifunza, lakini iendane na fila ya unga wa mfuko. Ukiifunika kwa fila ya ndoo peke yake, maungio yatakuwa dhaifu.

Ukichanganya unga wa mfuko, maji yatangulie ndoo, unga ufuate. Uache unywe maji dakika mbili au tatu, ndipo ukoroge mpaka uwe kama siagi, usidondoke kwenye kisu. Changanya unaoweza kuumaliza kwa nusu saa tu. Ukianza kuganda, usiongeze maji. Kufanya hivyo ni kuvunja jiwe linalozaliwa, na halitashikana tena. Utupe. Tena ndoo iwe safi kabisa, maana vipande vya jana vilivyobaki ndani huharakisha mchanganyiko mpya kuganda. Wengi hulaumu unga kuwa ni mbovu, kumbe ni ndoo chafu.

MIKONO MITATU

Ukilaza bodi mbili sakafuni ukutanishe zile kingo ndefu, utaona kuna kibonde katikati. Kiwanda kimekiacha makusudi ili tepu na fila vikae humo bila kutokeza nje. Kazi yako ni kujaza kibonde hicho, usijenge mlima juu yake.

Kama kati ya bodi kuna nafasi ya kupitisha sarafu, ijaze kwanza na uache ikauke. Halafu mkono wa kwanza: kama una tepu ya karatasi, paka fila nyembamba kwa urefu wote wa ungio, ilaze tepu katikati, kisha kaza kisu ukitoka katikati kwenda mwisho, ili fila ya ziada itoke pembeni. Ibaki kidogo tu chini ya tepu, lakini isikosekane kabisa, kwani pasipo na fila patavimba kama malengelenge. Ukiona lengelenge, likate kwa wembe na ulizibe sasa hivi. Ukilifunika leo, litakudai siku ya rangi. Kwa tepu ya wavu, bandika kwanza juu ya bodi isiyo na vumbi, halafu sukuma fila ipenye matundu yote mpaka ndani.

Subiri ikauke.

Mkono wa pili uwe mpana kuliko wa kwanza, kama sentimita 20, na mwembamba. Kisu kiegemee upande mmoja wa ungio halafu upande mwingine, ili kingo ziishie pasipo na ngazi. Mkono wa tatu ufike sentimita 30 hivi, mwembamba zaidi, karibu kupangusa tu. Vichwa vya skrubu navyo hupata mikono mitatu wakati huo huo. Watu huuliza kwa nini tusipake mara moja tu kwa unene. Kwa sababu fila nene hukauka juu ikabaki mbichi ndani, na ya ndani ikija kukauka huivuta ya juu ikapasuka. Mama zetu wanaokandika nyumba kwa udongo wanajua habari hii bila kufundishwa na mtu.

Kazi ngumu kweli ni pale bodi zinapokutana kwa vichwa vyake vifupi. Hapo hakuna kibonde. Tepu yenyewe tayari imepanda juu ya uso wa bodi, na ukimaliza kwa sentimita 30 utakuwa na tuta ambalo kila taa itakayowashwa usiku italionyesha. Dawa yake ni upana: peleka fila mbali, nusu mita kwa jumla au hata zaidi kidogo, ikipungua taratibu kila upande mpaka jicho lisijue tuta limeanzia wapi. Inakula fila na inakula muda. Kama unalipwa kwa mita ya mraba, hesabu maungio ya namna hii kabla hujataja bei. Chumba kimoja chenye bodi zilizokatwa vipande vipande kinaweza kukupa kazi mara mbili ya chumba kingine chenye ukubwa ule ule.

Pembe za ndani: tepu ya karatasi iliyokunjwa katikati, ziba upande mmoja leo na mwingine kesho, la sivyo kisu kitaharibu ulichokwisha kulainisha. Pembe za nje huwekewa chuma cha kona.

SIKU ZA KUSUBIRI

Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Katika miezi hiyo fila ya ndoo inaweza kukaa zaidi ya siku nzima bila kukauka, hasa chumba kikiwa hakina madirisha bado. Iliyokauka ni nyeupe pote. Iliyo mbichi ina doa la kijivu na ukiigusa kwa mgongo wa mkono ni baridi. Msiniulize ni saa ngapi. Tazameni rangi.

Hapa ndipo ugomvi wa kapita na mfanyakazi unapoanza. Kapita ana mwenye nyumba anayemsukuma, na wewe unalipwa kwa siku. Anasema, paka tu. Ukipaka juu ya mkono mbichi unafunga maji ndani, na maji hayo yatatafuta njia. Ufa ukionekana, hatakumbuka kwamba alisema paka. Kwa hiyo jambo la siku za kusubiri lizungumzwe siku ya kwanza: je, siku ambayo fila inakauka utalipwa, au utapewa kazi nyingine ya kufanya hapo hapo, au utakaa bila kitu? Kundi moja la vijana wetu walifanya kazi ya dari kwa wiki tatu kwenye jengo la mtu, wakaambiwa watalipwa mwisho, na mwisho haukufika. Hawakuwa na karatasi yoyote, hata jina kamili la aliyewaajiri hawakulijua.

Karatasi hiyo si lazima iandikwe na wakili. Andikeni majina mawili, mahali, idadi ya mita au ya siku, bei, na malipo yatolewe kwa vipande: baada ya tepu, baada ya mkono wa tatu, baada ya rangi. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Mwenye simu apige picha ya maungio kabla ya rangi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kutafuta ajira, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba huna haki ya kudai jasho lako kwa kuwa wewe ni mgeni. Safiri na kitambulisho chako cha mkimbizi, na kabla hujaondoka pita ofisi ya kamanda wa makazi ueleze unakokwenda, pia uulize tarehe ya uhakiki wa familia ili isikupite ukiwa mjini.

MSASA, TAA NA VUMBI

Mkono wa tatu ukikauka, piga msasa kwa wepesi. Anza na wa wastani, namba 120 au 150, malizia na laini wa 220. Usisugue karatasi ya bodi yenyewe, itaota manyoya na rangi itayaonyesha. Usiifikie tepu. Ukiona uzi wa tepu umejitokeza, simama, paka mkono mwembamba tena.

Kukagua, ngoja giza liingie, shika tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga uteleze juu yake. Kila tuta litatupa kivuli. Jua la mchana huficha mengi. Zungushia penseli kila unachokiona, na asubuhi utengeneze hivyo tu.

Kisha rangi ya chini, praima, ndipo rangi yenyewe. Fila hunywa rangi kwa namna yake na karatasi ya bodi kwa namna yake, na pasipo praima maungio yataonekana kama mistari ya punda milia hata kama yako sawa kabisa kwa kiganja.

Vumbi la msasa ni jambo la kuzingatia. Fila nyingine zina mchanga laini wa silika ndani yake, na vumbi lake hushuka mpaka chini ya mapafu. Vaa barakoa nzuri inayobana. Kitambaa cha mdomoni ni afadhali kuliko kukosa, lakini hakizuii vumbi lile dogo. Fungua madirisha. Kwa mkono wa mwisho unaweza kutumia spanji yenye unyevu badala ya msasa, hailainishi vizuri sana lakini haitoi vumbi. Aliyewahi kuugua kifua kikuu au mwenye pumu amwachie mwenzake sehemu hiyo. Tena, kwenye majengo ya zamani yenye mabati ya asbesto au dari ngumu za kijivu, msikwangue wala kukata kitu mpaka mjulishwe ni nini. Asbesto huleta kansa miaka mingi baada ya kazi yenyewe kusahauliwa.

HAPA KWETU, KWENYE NYUMBA ZA UDONGO

Wazee wameniuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi tusio na dari? Yanatuhusu. Tazameni pale fremu ya mlango wa mbao inapokutana na ukuta wa tofali mbichi. Kila mwaka tunaziba, kila mwaka pamepasuka, na nyoka na wadudu wanapita hapo. Sababu ni ile ile: vitu viwili vinavyosogea tofauti, katikati udongo mtupu.

Chimbueni udongo wa zamani mpaka ndani, nyunyizeni maji kidogo ili ukuta usinyonye udongo mpya kwa haraka. Jazeni. Kabla haujakauka, kandamizeni juu yake ukanda wa wavu wa gunia la vitunguu, upana wa kiganja, nusu juu ya fremu na nusu juu ya ukuta. Upande wa fremu upigilieni misumari midogo. Acheni ukauke kivulini. Halafu udongo laini uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga, mwembamba, upite mpaka nje ya wavu. Baadaye mwingine tena, mpana zaidi. Tafadhali, msikate chandarua cha mbu kinachotumika. Wavu wa vitunguu unatosha, na mama wauzaji sokoni huutupa.

MAZOEZI

Vipande vya bodi vilivyobaki kwenye ujenzi wa darasa vimewekwa katika ukumbi wa jamii, pamoja na mfuko mmoja wa unga na tepu za namna zote mbili. Tutafanya mazoezi Jumamosi mbili mfululizo kuanzia saa tatu asubuhi. Jumamosi ya kwanza ni tepu na mkono wa kwanza tu. Ya pili ni mikono inayobaki na ukaguzi wa tochi, kwa hiyo asiyekuja ya kwanza hatakuwa na kitu cha kulainisha. Dada zetu wanakaribishwa sawa na kaka, tumetenga nafasi nusu kwa nusu. Mje na kisu cha fundi au kipande cha bati kilichonyooka, ndoo safi, na kitambaa cha kufunika pua. Majina yaandikishwe kwa mwenyekiti wa kijiji chenu kabla ya siku ya Alhamisi.